Mbwa wa Juu, Jirani wa Chini

Aliyewahi kupanda vilima vya Mabatini, Igogo au Isamilo wakati wa mvua anajua jinsi Mwanza ilivyojengwa. Nyumba zimeshikamana na majabali, ua ni mwamba mtupu au saruji, na bustani ya majani kwa wengi wetu ni hadithi tu. Mvua inyeshapo, maji hayanywewi na ardhi. Huteremka kwa kasi kutoka mlango wa huyu hadi mlango wa yule, yakaingia Mto Mirongo, na Mirongo ukayafikisha ziwani. Ziwa hilo hilo ndilo tunalovuta maji ya bomba. Kwa hiyo uchafu ulioachwa juu ya jabali haupotei, unasafiri.

Tunasema haya kwa sababu yametukuta. Tuliletewa mtoto wa mbwa ili akikua atulindie nyumba. Tukamwachia ua wote, tukadhani wajibu wetu umekwisha. Alasiri moja, baada ya mvua ya ghafla kupita, mama mmoja, jirani yetu wa chini, alipanda ngazi za mawe akiwa na ungo mkononi. Hakutukana. Alitujulia hali kama ilivyo desturi, kisha akatuonyesha dagaa aliokuwa amewaanika juu ya mwamba, nao wamechanganyika na kinyesi. “Nimewaleta kwenu,” akasema, “kwa maana mbwa ni wenu.” Dagaa tuliwalipa; aibu haikulipika.

Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa mapema kwamba mbwa ana najisi nzito, na kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini tulifundishwa vile vile kwamba kumfuga kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au kuchunga mifugo kumeruhusiwa. Ruhusa hiyo haikuuondoa wajibu wa usafi, bali iliuzidisha.

Nayo elimu ya afya inatuambia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Watoto wa mbwa aghalabu huzaliwa wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na huweza kudumu mchangani kwa miezi mingi. Mtoto wa binadamu achezaye chini, kisha akatia vidole kinywani, huyameza. Na minyoo huweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Ndiyo maana hatuna budi kumwona bwana mifugo mapema kwa dawa ya minyoo, na baadaye kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Je, asiye na majani afanyeje? Achukue karai kuukuu au sanduku la mbao lenye kina kifupi, ambamo mbwa aweza kugeuka bila taabu, alijaze mchanga au pumba za mpunga, aliweke pembeni, mbali na malazi na chakula chake. Mtoto wa mbwa apelekwe hapo kila aamkapo, kila amalizapo kula, kila achokapo kucheza, na kabla ya kulala. Mwenye umri wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa saa nyingi. Kumngoja hadi jioni ni kumwonea. Akianza kunusa chini na kuzunguka-zunguka, wakati umefika.

Amalizapo, asifiwe papo hapo na kupewa kipande cha dagaa. Siku za mwanzo mchanga kidogo wenye harufu yake uachwe ili umkumbushe mahali pake. Akikosea, asipigwe wala asisuguliwe pua katika uchafu: hapo hujifunza kujificha, hajifunzi usafi. Mahali alipokosea paoshwe kwa sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji, hata harufu iishe, maana harufu ndiyo imwitayo tena. Chakula kiwe na saa maalumu, kwani tumbo lenye saa zake huwa na choo chenye saa zake. Kinyesi kitupwe katika shimo la choo, kamwe si mferejini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Samaki mkunje angali mbichi.

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walipokusanyika vikundi vikundi kando ya redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja kuchimbiwa. Walikubali kwamba uchafu wa kaya moja ni maradhi ya kijiji kizima. Juu ya miamba yetu ukweli huo unaonekana kwa macho kila mvua inaponyesha.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kumleta mbwa nyumbani tujiulize kwanza ni nani atakayeamka alfajiri kumpeleka kwenye mchanga wake. Mwanafunzi wa kwanza katika somo hili ni mwenye mbwa. Asiyekuwa tayari kuamka, na asimfuge. Jirani wa chini hakumwomba mlinzi huyo.