Kamera ya Babu na Fleshi ya Leo

Binti wa shangazi yetu alipoolewa, bibi alifungua sanduku lake akatoa kamera ya marehemu babu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nipige kwa hii. Babu yako aliinunua kwa jasho lake."

Sherehe ilikuwa jioni, hapa Mtoni, na ukumbi ulikuwa na giza. Nikaazima fleshi ya kisasa kwa rafiki, nikaiunganisha na kamera kwa waya. Kila nilipobonyeza, taa iliwaka vizuri na watu wakafumba macho. Nilipiga picha 12, nikarudi nyumbani na furaha. Lakini filamu iliposafishwa ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha. Bibi hayumo, wala bibi arusi hayumo. Picha za simu zilikuwapo, lakini katika hizo bibi yuko nyuma ya watu na uso wake waonekana nusu. Miezi michache baadaye alifariki dunia.

Kosa lilikuwa langu, nalo lilikuwa dogo: kijiti kimoja cha kamera kilikuwa kwenye herufi M badala ya X. Naandika haya kwa sababu huenda hata kwenu iko kamera ya namna hii kabatini, nanyi mwataka kuitumia siku ya ubatizo au ya arusi.

Mgeni asiyengoja mlango

Zamani wapiga picha waliwasha unga wa magnesi. Mnamo mwaka 1929 zikatokea Ujerumani globu za fleshi, kila moja ya kuwaka mara moja tu na kutupwa. Globu haiwaki kwa nguvu zake zote papo hapo, bali yahitaji kitambo kidogo, kama sehemu ya 50 ya sekunde. Kwa hiyo watengenezaji wa kamera waliweka alama ya M. Kijiti kikiwa hapo, kamera hupeleka umeme kwanza, ndipo hufungua shata, yaani kile kilango kinachopitisha mwanga kwenye filamu.

Fleshi ya umeme ni kitu kingine. Ilisitawishwa Marekani katika miaka ya 1930 na mhandisi Harold Edgerton. Hii huwaka mara moja na kuzimika katika sehemu ya 1,000 ya sekunde, au upesi zaidi. Ukiiwasha kwa M, ni kama mgeni apigaye hodi akaondoka kabla mwenye nyumba hajafika mlangoni. Taa imewaka, watu wameiona, lakini filamu haikuona kitu. Alama ya X ndiyo ingojayo mpaka shata ifunguke kabisa, kisha huwasha.

Katika kamera nyingi za Kijerumani za miaka ya 1950, zenye shata za Prontor-SVS au Synchro-Compur, mtakuta herufi tatu: M, X na V. Hiyo V ni ya mpiga picha anayetaka kujipiga mwenyewe. Msiiguse katika kamera iliyokaa miaka mingi, maana yaweza kukwama na shata ikakataa kufanya kazi.

Jinsi ya kuunganisha

Kamera ya kale mara nyingi ina tundu dogo la duara la kuchomekea waya wa fleshi. Fleshi ya leo haina waya, ina mguu wa kutelezesha juu ya kamera. Kiti kilicho juu ya kamera ya kale hushika mguu huo tu, hakipitishi umeme. Basi yatakiwa kitako kidogo chenye waya: fleshi hukaa juu yake, na ncha ya waya huingia katika tundu la kamera. Kitako hiki huuzwa tayari. Usipokipata, fundi redio aweza kulehemu waya kwenye kitako: uzi wa ndani kwa kituo cha katikati, uzi wa nje kwa ukingo wa chuma.

Lakini mtu asifungue fleshi yenyewe. Ndani yake umo umeme wa volti 300 hivi, nao hubaki hata betri zikitolewa. Tena, fleshi kuukuu usiiweke juu ya kamera ya kisasa ya dijitali. Baadhi yake hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na zaweza kuiua.

Fleshi ya leo haiwezi kuzungumza na kamera ya babu ili kupima mwanga. Iweke kwenye M yake. Hapa watu huchanganyikiwa: M ya fleshi maana yake ni kupima kwa mkono, na M ya kamera ni ya globu. Herufi ni moja, kazi ni mbili.

Kisha piga hesabu. Kila fleshi ina namba yake ya nguvu. Ikiwa ni 28 kwa filamu ya 100, na mtu yuko mita tano, gawanya 28 kwa 5: utapata 5.6, ndiyo tundu la lenzi. Akiwa mita tatu na nusu, utapata 8.

Shata iliyomo ndani ya lenzi hukubali mwendo wowote. Shata ya pazia, iliyo mbele ya filamu, yataka mwendo wa polepole, 1/30 au chini yake kwa nyingi za kale. Ukizidisha, nusu ya picha itakuwa giza.

Kamera isiyo na tundu

Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alianza utotoni kwa kamera ya Box Brownie. Kisanduku cha namna hiyo kisicho na tundu la waya nacho chaweza kutumika. Kiweke juu ya meza gizani, fungua shata na uiache wazi, bonyeza kitufe cha fleshi kwa mkono, kisha funga.

Jaribu kabla ya filamu

Usiku, kamera ikiwa tupu, fungua mgongo wake. Fungua tundu la lenzi lote, elekeza lenzi na fleshi kwenye ukuta mweupe, nawe uchungulie kutoka nyuma ukibonyeza. Ukiona duara zima la mwanga, mambo ni sawa. Usipoona kitu, tazama kijiti.

Jaribio hili ni la dakika moja, nami sikulifanya. Mtoto wa yule bibi arusi alipobatizwa nilitumia kamera ile ile, kijiti kikiwa kwenye X, na picha zote 12 zilitoka. Ya bibi haiwezi kupigwa tena.