"Mfumo unasema umelipwa": kinachotokea ndani ya programu za kampuni

Mkulima akipiga simu kuulizia malipo ya mazao yake, mara nyingi hujibiwa kwa mkato: "Mfumo unasema umelipwa." Akitazama simu yake, hakuna ujumbe wa pesa. Aliyemjibu huenda hana nia ya kumdanganya, na mkulima naye hasemi uongo. Ili tuelewe jambo hilo linawezekanaje, inabidi tuingie kidogo ndani ya huo mfumo.

Mfano wetu ni SAP, programu ya kuendeshea biashara kubwa: mishahara, ghala, ankara, hesabu. Kampuni inayoitengeneza ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Lugha inayotumika kuandika programu ndani yake inaitwa ABAP. Hatusemi kwamba anayenunua mazao yako anatumia SAP. Ziko programu nyingine nyingi, ila mtindo wa kufanya kazi unafanana.

Mtengeneza programu haanzi kila kitu upya. Anakuta kazi nyingi zimeshaandikwa na wenzake, naye huziita tu kwa jina. Kazi hizo huitwa fanksheni. Nyingine ni ndogo kabisa: strlen, kwa mfano, inahesabu herufi au tarakimu zilizomo kwenye neno, hivyo inaweza kugundua namba ya simu iliyopungukiwa tarakimu moja kabla pesa haijatumwa. Nyingine ni kubwa, nazo huitwa kwa maneno CALL FUNCTION yakifuatwa na jina. Iko inayoitwa SPELL_AMOUNT. Ukiipa kiasi, sarafu na lugha, inakurudishia kiasi hicho kwa maneno, kama inavyoandikwa kwenye hundi.

Ni kama kumtuma mtoto mashineni. Huna haja ya kujua kinu kinavyozunguka. Unampa mahindi na hela ya kusagia, anarudi na unga. Lakini kuna siku umeme umekatika. Mtoto anarudi na debe lilelile la mahindi, na mama asipofunua akatazama, atabandika maji ya ugali bure.

ABAP ina namna yake ya kufunua debe. Fanksheni ikimaliza, namba inabaki mahali panapoitwa sy-subrc. Ikiwa ni 0, mambo ni salama. Ikiwa ni nyingine, kuna tatizo ambalo fanksheni imelitaja. Kuitazama namba hiyo ni jukumu la mwandishi wa programu. Akiorodhesha matatizo yanayoweza kutokea kisha asiitazame, programu inaendelea mbele kana kwamba unga umepatikana. Kwa maoni yetu, ni afadhali programu inayosimama na kupiga kelele kuliko inayoendelea kimyakimya, kwa sababu ile iliyosimama itamleta fundi.

Sasa tufike kwenye malipo yenyewe. Kuingiza hati ya hesabu, SAP ina fanksheni za kundi linaloitwa BAPI. Hizi hutoa majibu kwa ujumbe: herufi S ni kufanikiwa, E ni kosa. Fanksheni ya kuingiza hati ikifaulu hujibu S, tena hutaja na namba ya hati. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. BAPI nyingi hazihifadhi kitu zenyewe. Zinasubiri iitwe fanksheni nyingine, BAPI_TRANSACTION_COMMIT, ndipo hati iandikwe moja kwa moja. Isipoitwa, namba ya hati imeshatolewa, lakini ukiitafuta hati yenyewe huioni. Ni sawa na karani aliyekusomea namba ya risiti kabla hajaiandika kitabuni, kisha akafunga kitabu akaenda zake.

Utaratibu huo haukuwekwa kwa uzembe. Malipo moja yanaweza kuhitaji hatua tatu au nne, na ikishindikana ya mwisho, zote zifutwe pamoja ili pesa isikatwe upande mmoja bila kufika upande wa pili.

Mtego mwingine ni senti. Yeni ya Japani haina senti, lakini ndani ya SAP kiasi cha fedha huhifadhiwa kana kwamba kila sarafu ina tarakimu mbili baada ya nukta. Yeni 1,000 hukaa kama 10.00. Mwandishi asipoita fanksheni ya kubadilisha, kiasi kinaweza kukosewa mara 100. Kwetu pia jambo hili si geni: kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina tarakimu za senti, wakati shilingi za Tanzania na Kenya zinazo mbili. Mfumo mmoja unaolipa watu pande zote za mpaka unatakiwa kuijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiambiwa mfumo unasema umelipwa, usibishane na mfumo. Omba namba ya hati ya malipo, kisha mwombe aliyeko ofisini aifungue hati hiyo mbele ya macho yake, akusomee tarehe, kiasi na namba ya simu au akaunti iliyotumiwa. Ikifunguka, linganisha na risiti yako ya mzani. Namba ikiwepo na hati isifunguke, mwambie alipeleke suala hilo kwa watu wa kompyuta siku hiyohiyo, pamoja na hiyo namba.