Gunia la Mkaa pale Segera

Njia panda ya Segera, mabasi yanakoachana, haya Tanga na yale Korogwe, lumbesa za mkaa zimesimama kando ya lami. Gunia limejazwa hadi likapita mdomo wake, kichwani limezibwa majani na kufumwa kamba. Dereva wa lori anashuka, analibonyeza, wanapatana. Kwa wapita njia wengi, hicho ndicho kipande pekee cha msitu wa Handeni chenye bei.

Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi nane za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Kuni zikikaushwa, zikapangwa bila mianya na tanuru likachungwa usiku na mchana, mavuno hupanda. Lakini ada ya shule haingoji kuni zikauke, na siwalaumu wanaochoma mbichi.

Wala mkaa peke yake hauui msitu. Miti mingi ya miombo huchipua kwenye kisiki. Kinachoumaliza ni kung'oa visiki ili kulima mahindi, na moto wa kila kiangazi unaokula machipukizi. Kilosa, vijiji kadhaa viligawa eneo la mkaa katika vitalu vinavyovunwa kwa mzunguko wa miaka 24, na ushuru ukabaki kijijini. Handeni nayo ina miombo. Sioni cha kuizuia isifanye vivyo hivyo.

Kuna faida isiyoingia guniani. Misitu ya Usambara hunasa ukungu na mvua, maji yakazama na kutoka taratibu hata kiangazi. Mto Luengera huyashusha hadi Mto Pangani karibu na Korogwe. Mbele kidogo yanazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, kisha ya New Pangani, megawati 68. HTM, mradi wa bomba kuu la Handeni, nao huvuta maji ya Pangani hadi Handeni kukavu, kwa hiyo hata mchoma mkaa hukoga vumbi lake kwa maji ya msitu wa jirani. Jiji la Tanga linakunywa Mto Zigi, unaotoka Amani, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Wageni hupanda huko na darubini kutafuta ndege, wengine kutembea tu kivulini. Milima hiyo ndiyo kwao Saintpaulia, kiua cha zambarau kilichopewa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Leo kinauzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya nzima. Huko kina bei.