Kutu ya garimoshi haileti pepopunda

Huenda likizo hii umepanga kuwatoa watoto hapa Kakamega uwapeleke Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna behewa ambamo simba alimuua Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Watoto hupenda kuparamia magarimoshi makuukuu, na chuma huchana ngozi.

Wazazi wengi huniambia kutu ndiyo huleta pepopunda. Sivyo. Viini vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama. Jeraha lililoingia ndani, pasipofika hewa, huvipa nafasi ya kutoa sumu. Mvulana mmoja aliletwa kwangu siku ya nane, taya zimekaza. Kidonda chenyewe kilikuwa kimekwisha kufunga.

Mtoto akiumia, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi safi. Usipake jivu wala mafuta ya taa. Mpeleke zahanati na kadi yake ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 hupungua nguvu miaka ikipita. Jeraha likiwa chafu, na miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, atahitaji nyingine.

Basi kabla ya kukata tikiti, itazame kadi hiyo.