Kuvuka Ziwa Victoria kwa Mashua

Watu wengi hudhani kuwa maji ya ziwa hayana ukali kama ya bahari, na kwamba mwenye mashua yake aweza kuvuka saa yoyote apendayo. Dhana hiyo imeangamiza wengi, nasi twaona yafaa kueleza sababu.

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake ni kama mita 80 tu hata palipo pa kina zaidi. Katika maji ya namna hii upepo huinua mawimbi mafupi yafuatanayo upesi, nayo huijaza mashua kabla nahodha hajapata kuigeuza.

Tena pepo za ziwa zina desturi yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, maji hubaki na joto. Basi pepo hutoka kando zote, hukutana ziwani, hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri.

Basi, mwenye mashua asiondoke usiku. Kukicha, na atazame kwanza mawingu ya upande wa ziwani. Safari ndefu na aikate, alale visiwani, kama Ukerewe au Ssese. Kila abiria avae jaketi la kuokolea, na tanga lipunguzwe kabla upepo haujafika. Wahenga walisema, Kawia ufike.