Habari za Ziada za Mwanachama Anapojiandikisha kwa Kompyuta



Chama cha msingi kinapoamua kuandikisha wanachama wake kwa njia ya tovuti, fundi huanza na akaunti, yaani jina la kuingilia na neno la siri. Daftari letu la wanachama lina mengi zaidi: namba ya uanachama, hisa zilizolipwa, kijiji, simu na jina la mrithi. Yafaa katibu amwulize fundi mapema habari hizo zitahifadhiwa wapi.

Tuchukue mfano wa Django, ambayo ni programu ya msingi ya kujengea tovuti. Ilibuniwa na mafundi wa gazeti moja la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, nayo hupatikana bila malipo. Huja na jedwali la watumiaji lililo tayari: jina la kuingilia, majina mawili ya mtu, barua pepe, neno la siri lililogeuzwa kwa hesabu lisiweze kusomeka, na alama za ruhusa. Mahali pa hisa au mrithi hapamo.

Fundi aweza kuunda jedwali lake mwenyewe la watumiaji badala ya hilo, jambo lililoruhusiwa tangu toleo la 1.5 la mwaka 2013. Ni njia nzuri ikiwa watu wataingia kwa namba ya simu badala ya jina, lakini iamuliwe siku ya kwanza, kwani kuibadili majedwali yakiwa yamekwisha kuundwa ni kazi ngumu sana. Njia nyingine ni jedwali la pili, la wasifu, lililofungwa na akaunti moja kwa moja. Kwa vyama vyetu tunaona hili la pili ni la lazima hata kama la kwanza limebadilishwa. Mkaguzi ana akaunti na si mwanachama. Bibi mwenye hisa tangu chama kianzishwe hana simu, wala hatakuwa na akaunti. Basi wasifu wake uruhusiwe kusimama peke yake.

Hatari kubwa iko katika kuandika. Fomu ni moja, majedwali ni mawili. Hitilafu ikitokea katikati, akaunti itakuwapo na hisa hazipo, na mwanachama atafika siku ya malipo aambiwe hatambulikani. Dawa yake ni kumtaka fundi afunge maandishi yote mawili katika muamala mmoja: ama yote yaingie, ama lisiingie hata moja.

Wako mafundi wanaopenda kuweka ishara inayounda wasifu yenyewe kila akaunti mpya inapohifadhiwa. Ishara hiyo haioni majibu ya fomu, kwa hiyo wasifu huzaliwa mtupu mpaka ujazwe na sehemu nyingine ya programu. Tena, daftari la zamani likiingizwa kwa mkupuo mmoja kwa amri ya Django ya kuingiza kwa wingi, ishara hailii kabisa. Baada ya kazi ya namna hiyo, katibu ahesabu akaunti na wasifu, alinganishe.

Namba ya simu na ya kitambulisho zihifadhiwe kama maandishi. Zikihifadhiwa kama hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea. Na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ikipitishwa katika Excel kama hesabu, tarakimu zinazozidi 15 hugeuka sifuri.

Mwanachama akijitoa au akifariki, akaunti yake isifutwe. Fundi akiwa ameagiza wasifu ufuatane na akaunti, kufuta moja ni kufuta na hisa na jina la mrithi, wakati ambapo mrithi ndiye anayekuja kuuliza. Django ina alama ya kuizima akaunti bila kuiondoa, itumiwe hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa shughuli maalumu na zisizidi mahitaji yake. Fomu isiulize dini wala kabila kwa sababu tu nafasi ipo. Karani wa mizani aonyeshwe namba na jina la mwanachama. Hisa na mrithi viwe kwa katibu na kwa mwenyewe.