Teknolojia ya Kidijitali na Uokoaji wa Meno Yaliyoharibika

Wagonjwa wengi hufika kwa daktari wa kinywa na meno wakiwa na ombi moja tu: jino ling'olewe. Maumivu yamewanyima usingizi kwa siku kadhaa, na kung'oa huonekana kuwa njia pekee ya kupata nafuu. Hata hivyo, jino ambalo mzizi wake ungali imara mara nyingi linaweza kuokolewa kwa kuzibwa, kutibiwa mzizi au kuvikwa taji. Teknolojia ya kidijitali inaibadili kazi hiyo.

Badiliko la kwanza limo katika uchunguzi. Picha za eksirei za filamu zilipaswa kusafishwa kwa kemikali kabla ya kusomwa. Picha ya kidijitali huonekana kwenye kompyuta baada ya sekunde chache, tena kwa kiasi kidogo cha mionzi. Daktari huikuza na kumwonesha mgonjwa mahali uozo ulipofika, na kama umekifikia kiini cha jino. Hivyo mgonjwa hushiriki katika uamuzi akiwa anaelewa hali yake.

Badiliko la pili limo katika utengenezaji wa taji, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililomeguka. Kwa njia ya kawaida, mgonjwa huuma kibao chenye ute mzito hadi ugande, jambo ambalo huwatia wengi kichefuchefu. Alama hiyo hutumiwa kutengeneza mfano wa plasta, fundi wa maabara huunda taji, na mgonjwa hurudi baada ya siku kadhaa au wiki.

Kwa njia ya kidijitali, kamera ndogo hupitishwa juu ya meno na kuunda umbo lake kamili kwenye kompyuta. Daktari husanifu taji kwa programu maalumu, kisha mashine hulichonga kutoka katika kipande cha kauri. Matibabu ya kwanza ya namna hii yalifanyika mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Zurich, nchini Uswisi. Penye mashine hiyo, kazi huweza kukamilika kwa siku moja. Pasipo nayo, vipimo vinaweza kutumwa kwa intaneti hadi maabara ya mbali bila kusafirisha mfano wa plasta.

Pamoja na hayo, mashine ina mipaka yake. Kamera haioni vizuri penye damu na mate, na ni mkono wa daktari unaoondoa uozo na kuliandaa jino. Taji halisimami juu ya mzizi uliooza, na jino lililovikwa taji huweza kuoza tena pembezoni lisipopigwa mswaki. Aidha, mitambo hii ni ya gharama kubwa na hupatikana zaidi katika hospitali na kliniki za mijini. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo; hakuna kifaa kinachozidi jino la asili lililotunzwa.

Kwa mkazi wa kata, jambo la kuzingatia ni wakati. Tundu dogo lisilouma huzibwa kwa ziara moja, bila kuhitaji mashine yoyote ya kisasa. Likiachwa hadi kiini kioze, litahitaji tiba ya mzizi na taji, na likiachwa zaidi, litang'olewa. Anayeona doa jeusi au tundu, au anayesikia ganzi anapokunywa maji baridi, afike mapema katika kituo cha afya au hospitali yenye huduma ya meno. Kabla ya kukubali kung'olewa jino, amwulize daktari maswali matatu: je, jino hili linaweza kuokolewa? Rufaa itolewe wapi? Gharama ni kiasi gani, na bima italipia sehemu ipi?